Usitoe themostati kwenye 1HZ! (kwa aliyenunua mkonga wa mnadani)

Mkuu, hiyo Jumamosi ahirisha. Mpigie fundi wako sasa hivi umwambie umepata msiba, umesafiri, funguo zimepotea, mwambie chochote, lakini asiguse hiyo themostati, kile kidude kinachoongoza maji ya kupozea injini yapite wapi kulingana na joto.

Kwa wanaoingia uzi huu katikati: jamaa kanunua Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo) yenye 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, gari la mradi lililouzwa mnadani. Tambarare linatulia, likipandisha mlima mshale wa joto unakimbilia kwenye nyekundu. Fundi kamwambia dawa ni kutoa themostati kwa sababu "nchi yetu ya joto, hicho kidude waliwekewa Wazungu wa kwenye barafu". Kauliza pia oili gani aweke, mkanda wa taimingi, kutu ya sakafuni, saizi ya tairi, na kama aongeze majani kwenye springi za nyuma. Mimi nimefika kwenye themostati nikaishia hapo, chai ikapoa mezani.

Na kinachoniuma zaidi ni nyie mliomjibu "toa tu mkuu, mimi mwaka wa ngapi natembea bila". Semeni basi mnatembelea wapi! Mtu anakaa Dar, mlima wake mkubwa ni daraja la Mfugale, huyo hata akijaza supu kwenye rejeta, pale mbele maji ya injini yanapopozwa, atafika Kariakoo salama. Mwenzenu amesema anapeleka mzigo Lushoto. Pale Mombo ukishakata kona kuanza kupanda, hakuna cha "mwaka wa ngapi".

Sasa sikiliza namna kidude kinavyofanya kazi, maana mimi hakuna aliyenieleza mpaka hela ilipokwisha kutoka. Themostati ya 1HZ siyo kizibo cha njia moja. Ina milango miwili. Wa juu unafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Wa chini ni kisahani kidogo kilichokaa kwenye springi yake, na kazi yake ni kuziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta wakati injini bado ya baridi. Injini ikipata moto wa juu unafunguka, na hapo hapo wa chini unaziba. Ukiing'oa, ni kweli njia ya rejeta inabaki wazi, lakini na ya mkato inabaki wazi saa zote. Maji yanafuata penye wepesi. Sehemu yake inatoka kwenye injini ikiwa ya moto na kurudi kwenye injini ikiwa ya moto vile vile, rejeta haijaiona hata kwa dirishani. Kitabu cha karakana cha Toyota wenyewe kinaonya kwamba gari likiwa na tabia ya kuchemsha, kutoa themostati kunapunguza upozaji. Wameandika kabisa, kama vile walishamjua fundi wako.

Ujanja wa hii kitu ni kwamba siku ya kwanza inakupa raha. Kwenye tambarare, gari tupu, injini haizalishi joto jingi, na kwa kuwa mlango wa rejeta hauna bawabu, mshale unakaa chini kuliko ulivyowahi kukaa. Fundi anakuonyesha, wewe unampa mkono, unaongeza na ya soda. Mimi niliongeza. Themostati yangu, ya kiwanda, nzima kabisa, ilitupwa chini ya mwarobaini wa hiyo gereji bubu na mtoto mmoja akaiokota kuchezea. Huyo mtoto ndiye pekee siku ile aliyejua thamani yake.

Halafu unakaa wiki kadhaa ukiwa na amani. Gari linakula dizeli zaidi kidogo, asubuhi linatoa moshi mweupe unaokera majirani, hita haitoi moto. Hizo zote ni dalili kwamba injini inafanya kazi ikiwa baridi kupita inavyotakiwa, na dizeli isiyoungua vizuri inateremka kwenye oili. Mimi nilisema ni uzee wa gari. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, nimesoma, nina diploma. Siyo ya magari.

Basi nikapakia saruji na mabati kupeleka Mafinga. Wanaoujua mlima wa Kitonga wanaujua: unatoka bondeni kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, unaanza kupanda zile kona, mbele yako kuna lori limepakia kontena linakwenda mwendo wa mgonjwa, na huwezi kulipita kwa sababu kulia kuna ukuta wa mlima na basi linalokuja. Gia ya pili, injini inalia, upepo wa mbele hakuna. Hapo ndipo rejeta inapotakiwa kupata kila tone la maji, na kwangu mimi maji mengine yalikuwa yanajizungukia zake kwa njia ya mkato.

Mshale ukapanda. Ukavuka katikati, ukagusa chini ya nyekundu, nikazima kiyoyozi, nikafungua hita yote tuchomeke ndani. Kisha, sikiliza hapa vizuri, mshale ukaanza kushuka. Nikamgeukia abiria wangu nikamwambia umeona, gari limeanza kupumua. Yule mzee akatikisa kichwa, nadhani aliamini.

Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Kile kipima joto kinasoma kikiwa ndani ya maji. Maji yakipungua chini yake kinabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unateremka huku hedi, kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda, inaungua. Kwa hiyo likiwa limepanda joto, halafu ghafla likashuka na hujapunguza mwendo wala mlima haujaisha, usifurahi. Zima. Mimi nilikanyaga mafuta zaidi.

Lilipoanza kukosa nguvu na harufu ya mpira kuungua kuingia ndani, nikaegesha. Hapo Watanzania wakaonyesha ukarimu wao. Utingo wa lori akaja mbio na dumu la maji baridi, akamimina, na mimi nikamshikia kitambaa kwenye kifuniko nikisema ahsante. Ikatoka sauti moja ndogo, kali, "tii". Siyo kubwa. Ungekuwa unaongea na simu usingeisikia. Baada ya hapo kila ukiwasha, rejeta inatoa mapovu kama sufuria ya maharage, na nyuma moshi mweupe.

Tukavutwa mpaka Iringa. Hedi ilipofunguliwa kwa macho ilionekana nzima, na fundi wa kwanza pale alishaanza kusema tubadilishe gasketi tu twende. Mzee mmoja wa mashine ndiye aliyeniokoa nisitupe hela nyingine. Akaisugua hedi ikawa safi, akaipaka mafuta ya taa, akasubiri, akaifuta ikakauka, kisha akasaga chaki ya shule akaipuliza juu. Ndani ya dakika chache mistari ya rangi ya maji maji ikajichora kwenye weupe wa chaki, katikati ya vali ya kuingiza na ya kutolea, silinda baada ya silinda, mmoja ukaingia mpaka kwenye chumba cha mwako. Hapo ndipo hedi za 1HZ zinapopasuka zikichemshwa, wala hakushangaa. Swali lake lilikuwa moja: "Themostati iko wapi?" Nikakohoa.

Nikampigia yule fundi wa mwarobaini. Alichonijibu: "Bosi, hilo gari lilikuwa limeshachoka." Limechoka! Gari liliingia kwake likitembea lenyewe. Na kama hiyo haitoshi, akaniunganisha na ndugu yake anayeuza hedi iliyotumika, "ya Dubai, haijaguswa". Imepakwa rangi ya fedha inang'aa mpaka unajiona. Nikaipeleka kwa mzee wa chaki. Mistari ile ile. Yaani niliuziwa ufa wa mtu mwingine. Nilikuja kuuza bodaboda yangu ndipo nikapata hedi mpya, na sitaki kutaja bei hapa kwa sababu mke wangu anasoma hili jukwaa.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na nitaiandika kwenye kila uzi wa 1HZ mpaka mniondoe: themostati inakaa ndani, na kama una wasiwasi nayo unanunua nyingine yenye mlango wa chini kama wa kwanza. Zipo za bei rahisi madukani ambazo zinaingia vizuri kwenye nafasi yake ila hazina kile kisahani cha chini, au kipo lakini kifupi hakifiki kwenye tundu lake. Hizo ni sawa na kutoa. Beba ya zamani dukani, ziweke pamoja juu ya kaunta, pima urefu. Kuijua kama ni nzima ni kazi ya jikoni: ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni na kipimajoto. Namba iliyogongwa juu yake, 76 au 82, ndiyo nyuzi inazotakiwa kuanza kufunguka. Ikifika tisini na ushee iwe imefunguka wazi unaiona kwa macho. Ikigoma, hapo ndiyo mbovu, nunua nyingine. Mbovu inabadilishwa, haitupwi ikaachwa pengo.

Sasa lako, mkuu, karibu nina hakika siyo themostati kabisa. Gari la mradi, mnadani, madereva wanabadilishana, kila mmoja anajaza maji ya bomba au ya kisima. Maji ya chumvi ya kisima miaka yote hiyo yanajenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Langu lilipofunguliwa tanki la juu, mirija mingine ilikuwa imeziba na mingine ilikuwa imebanwa kwa koleo na fundi wa zamani aliyeona ni rahisi kuliko kuchomelea. Na bizari. Mtu alizibia uvujaji kwa bizari. Njia rahisi ya kujua: lipate moto, zima kabisa, feni isizunguke, kisha pitisha kiganja taratibu kwenye uso wa rejeta. Penye ubaridi katikati ya moto, maji hayapiti hapo. Mpelekee fundi rejeta mwenye akili afungue matanki asafishe mirija kwa waya bapa, maana hizi rejeta za zamani za shaba zinafunguka na kuchomelewa tena. Nje nako, kati ya rejeta na ile ya kiyoyozi, kuna nyasi na matope ya safari za porini. Osha kwa maji ukitokea upande wa injini kwenda nje, na usiyapige kwa nguvu ukalaza yale mapezi.

Feni: zima injini ikiwa ya moto, izungushe kwa mkono. Ikikataa kidogo ni sawa. Ikizunguka bure raundi kadhaa, ile oili nzito ya silikoni kwenye kitovu chake imekwisha, na mlimani inakaa kama pambo. Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, weka nusu kwa nusu na maji ya betri (yale safi ya kuongezea, siyo asidi) au ya mvua, na yule anayekwambia kulanti ni ya nchi za barafu muulize kutu nayo iko Ulaya tu? Halafu kifuniko cha rejeta. Watu wanakidharau kwa sababu ni kidogo. Kule Iringa, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ni kifuniko kinachoshika presha ndicho kinachoyazuia yasichemke mpaka yapite 110. Mpira wake ukipasuka, umebaki na sufuria.

Na likichemsha njiani, usimwage maji baridi. Zima, fungua boneti, kaa chini ya mti uongee na watu. Likipoa mpaka unaweza kushika paipu ya juu bila kuruka ndipo ufungue, ujaze kidogo kidogo huku injini ikinguruma.

Oili 15W-40 ya dizeli, badilisha kila kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi ni kila kilomita 100,000, na usiamini taa yake kwenye dashibodi. Hizi gari zina taa ya kukumbusha, na wauzaji wanachomoa balbu. Kama huna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, weka mpya pamoja na roli yake ya kukazia. Ukikatika vali zinakutana na pistoni, na utarudi kule kule kwa mzee wa chaki.

Hilo la sakafu sijui umesema ni upande wa dereva au wapi, sikumbuki, nitasoma tena. Kwa sasa fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi, kipige picha upande wa ndani, mpira uonekane, na utie kidole ndani ya shingo ya rejeta uniambie kimetoka na rangi gani.