Binti wa pili, apewe jina la shosho (nyanya) yupi?
Pole dada, mama mkwe na mamako wote kutaka binti wako wa pili apewe jina lao si mchezo. Lakini kwa sisi Wakikuyu utaratibu upo, binti wa kwanza anachukua jina la shosho wa upande wa baba, wa pili la mamake mama, vijana nao vivyo hivyo kwa babu zao, ndio baadaye mnaingia kwa mashangazi na wajomba. Huyu ni wa pili, so ni haki ya mamako kabisa, na mume wako ndiye amwambie mamake, usiende wewe. Kama binamu tayari ni kina Wanjiru watupu kwa jina la shosho huyo, jina la kwanza, lile la kuitwa kabla ya Wanjiru, ndilo litawatofautisha, lichagueni mapema kabla hamjajaziwa karatasi za hospitali.