Breki Zimeharibika Baada ya Kubadilisha Beringi? Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zinafanana: gari limeingia gereji kubadilishiwa beringi ya gurudumu, limetoka na ugonjwa wa breki. Wengi wenu mnaandika "gari langu" halafu basi. Gari gani? La mwaka gani? Gurudumu lipi? Mimi si mganga wa kupiga ramli. Nitajibu kwa ninachokiona katika barua, na asiyetaja gari lake asinilaumu.

Nilibadilisha beringi ya mbele kushoto. Kabla sijafika nyumbani Mukono taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapokanyaga breki) ikawaka. Fundi alisema sensa inayosoma mwendo wa gurudumu imekufa. Nimeshanunua sensa mbili na taa bado inawaka. Ninunue ya tatu?

Usinunue. Sensa huweza kweli kuvunjika wakati wa kung'olewa, hasa ikiwa imeshikwa na kutu, lakini sensa mpya mbili zikishindwa mfululizo, mwenye kosa ni mwingine. Na hapa wa kwanza kushukiwa ni beringi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyoguswa mwisho.

Magari mengi ya miaka hii hayana tena pete ya meno, ile iliyokuwa ikisomwa na sensa, kwenye shafti inayozungusha gurudumu. Kinachosomwa na sensa ni ukanda wa sumaku uliomo ndani ya sili ya beringi, tena upande mmoja tu. Upande huo lazima uielekee sensa. Beringi ikiingizwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri, halitatoa kelele, hata fundi atajisifu, lakini sensa haitaona kitu. Vilevile zipo beringi zenye vipimo vilevile ambazo hazina sumaku kabisa, na muuzaji wa Kisekka, soko la vipuri Kampala, aliyeonyeshwa ile ya zamani imejaa grisi na matope anaweza kukupa hiyo kwa nia njema kabisa.

Kabla ya kuifunga, sogeza pini nyepesi ya stepla karibu na sili za pande zote mbili. Upande wenye sumaku utaivuta kidogo. Ipo pia kadi maalumu ya kuonyesha sumaku, na gereji inayobadilisha beringi kila siku bila kuwa nayo inabahatisha. Usiiweke beringi hiyo kwenye sinia la sumaku la kuhifadhia nati, utauharibu ule ukanda. Kama imeshaingizwa kinyume, itolewe na inunuliwe nyingine. Beringi iliyong'olewa kwa presi hairudishwi.

Kama gari lako ni la zamani lenye pete ya meno, angalia kama pete imepasuka au imesogea. Shafti iliyokwama hupigwa nyundo hadi itoke, na pete hupata sehemu yake ya kipigo.

Halafu someni kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, kabla ya kufungua. Toyota huandika C0200 kwa sensa ya mbele kulia na C0205 kwa ya mbele kushoto. Watu wanafungua kushoto huku kompyuta inalalamikia kulia.

Skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) ilifuta kosa, taa ikarudi baada ya kilomita moja. Kwa nini? (Mbale)

Kwa sababu kosa bado lipo.

Taa haiwaki, lakini kila ninapokaribia kusimama kwenye foleni, pedali inatetemeka mguuni na gari linasogea mbele kidogo. Ilianza baada ya kubadilisha beringi. (Masaka)

Hili ni swali zuri, na wewe umeeleza vizuri. Sensa moja inapoteza ishara mapema gari likiwa katika mwendo mdogo. Kompyuta inaona magurudumu matatu yanazunguka na la nne limesimama, inadhani limefunga, inaachia breki yake. Taa haiwaki kwa kuwa kompyuta imeiamini ile habari ya uongo.

Sababu ni uchafu au mwanya: sensa haikukaa hadi mwisho kwa sababu ya kutu kwenye tundu lake, unga wa chuma umenata kwenye ncha yake, au kutu imevimba chini ya pete na kuiinua. Safisha tundu, safisha ncha, urudishe. Kulijua gurudumu lenye shida, unganisha skana isome mwendo wa magurudumu yote manne wakati gari linapungua taratibu kutoka kilomita 20 kwa saa. Moja litaanguka hadi sifuri wenzake wakiwa bado wanasoma. Fundi ambaye skana yake inajua kufuta kodi tu hatakusaidia hapa. Na asiipime sensa ya kisasa kwa mita ya ohm, ndani yake mna elektroniki.

Kwenye murram (barabara ya changarawe) ABS hulifanya gari likatae kusimama. Ninaweza kutoa fyuzi nikaishi bila ABS? (Moroto)

La kwanza ni kweli. Kwenye kokoto na vumbi laini, gurudumu lililofunga hulundika udongo mbele yake na kusimama mapema zaidi. ABS hairuhusu hilo, kwa hiyo utakwenda mbali kidogo. Lakini unabaki na usukani, na kwenye barabara zetu mara nyingi kukwepa ng'ombe kuna faida kuliko kumfikia polepole.

La pili, hapana. Katika magari mengi kompyuta ya ABS ndiyo hiyo hiyo inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ukiizima, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kwanza na gari likageuka. Ukiona taa ya ABS na ile nyekundu ya breki zimewaka pamoja, punguza mwendo na utafute gereji. Na wale wanaotoa balbu ya taa ya ABS kabla ya kuuza gari, wanunuzi wanawajua: washeni swichi, taa isipowaka na kuzimika, ulizeni.

Pedali inazama ukikanyaga mara ya kwanza, ya pili inasimama juu. Fundi anasema nitoe hewa. (Jinja)

Kama hakufungua mpira wa breki, hewa iliingilia wapi? Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, diski inayumba na kuzisukuma pedi nyuma, ndiyo maana mguu wa kwanza unapotea. Nati ya shafti huwa haikukazwa kwa kipimo. Toyota nyingi ndogo hutaka Nm 216 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na hiyo haikazwi kwa kukisia wala kwa kurukia spana. Nati iwe mpya, na gari lisishushwe kwenye uzito wake kabla haijakazwa. Beringi iliyotembea ikiwa imelegea imeshaumia, ibadilishwe tena.

Na kama aliongeza oili ya usukani kwenye chupa ya breki "kwa sababu zinafanana", usiendeshe hata kidogo. Sili za mpira zitavimba, na bili itakuwa ya mfumo mzima.

Beringi mpya imeanza kunguruma baada ya miezi miwili. Ni feki? (Fort Portal)

Huenda. Lakini kwanza niambie iliingia vipi. Kama iliingia kwa nyundo, hata ile ya kiwandani ingekufa. Ikiingizwa kwenye nyumba yake, presi isukume ringi ya nje. Habu, kitovu kinachobeba gurudumu, ikiingizwa ndani ya beringi, ringi ya ndani ndiyo ishikiliwe kwa chini. Ukisukuma ringi isiyo yake, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuacha vidimbwi visivyoonekana kwa macho. Ukilipia kazi, simama uangalie. Fundi akichukua nyundo na kipande cha bomba, ondoka na beringi yako.

Usukani unatikisika nikifunga breki kutoka mwendo mkubwa. Beringi ilibadilishwa, diski ni zile zile. (Arua)

Kutu kati ya habu na diski. Toa diski, kwangua nyuso zote mbili hadi chuma kionekane, rudisha, kisha upime kuyumba kwake kwa saa ya kipimo (kifaa chenye mshale kinachopima sehemu ndogo za milimita). Kukizidi milimita 0.05, igeuze diski tundu moja moja, upime tena, kabla hujamruhusu mtu akuuzie diski mpya. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvukana, moja kisha ya upande wa pili, sio kwa mzunguko.