Kabla hujaandika "daraja": kwa wanaoanza kusoma kromosomu za kitunguu

Ukianza kazi hii ya kupima kwa mizizi ya kitunguu kama dawa inadhuru kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), usikimbilie kutafuta kromosomu zilizovunjika. Anza na slaidi za mizizi iliyooteshwa kwenye maji safi, uziangalie mpaka jicho lizoee seli nzima inavyogawanyika. Kitunguu kina kromosomu 16 tu, tena kubwa, na tangu Albert Levan alipochunguza athari ya kolchisini, sumu inayovuruga mgawanyiko wa seli, kwenye mizizi yake mwaka 1938, watafiti hawajakiacha.

Maandalizi utayakuta kwenye mwongozo wa maabara yako. Mimi nasisitiza jambo moja: unapobonyeza kioo cha kufunikia, kidole kishuke wima. Kioo kikiteleza hata kidogo, kromosomu zinavutika na kukatika, nawe utaisingizia dawa madhara uliyoyafanya mwenyewe.

Daraja ndilo linalowasumbua wengi. Katika anafezi changa, yaani mwanzoni mwa hatua ambapo kromosomu huvutwa kwenda pande mbili za seli, mikono mirefu ya kromosomu huwa bado haijaachana vizuri, na mgeni huandika "daraja" papo hapo. Subiri. Tafuta seli ambayo makundi mawili yameshafika karibu na ncha zake, kisha zungusha skrubu ndogo ya hadubini taratibu, juu na chini. Je, uzi unatoka kundi hili hadi lile bila kukatika? Hilo ndilo daraja, na mara nyingi ni kromosomu yenye sentromia mbili (sentromia ni sehemu inayoshikwa na nyuzi za kuvutia), kila moja ikivutwa upande wake. Angalia na pembeni yake: pakiwa na kipande kidogo kilichoachwa katikati, kisicho na sentromia, ushahidi wako unapata nguvu.

Kipande hicho usikichanganye na kromosomu nzima iliyochelewa kufika kwenye ncha. Kipande kinasema kromosomu imevunjika. Iliyochelewa kwa kawaida inasema nyuzi za kuvutia ndizo zilizoathirika. Ni sumu za aina mbili tofauti, kwa hiyo kila moja iwe na safu yake kwenye daftari. Ukiziweka pamoja, huwezi tena kuzitenganisha bila kurudia slaidi zote.

Hesabu seli zote zilizo kwenye anafezi na telofezi (hatua inayofuata, makundi yakishafika kwenye ncha), hata zile zisizo na kasoro. Na mwombe mwenzako afunike majina ya slaidi kabla hujaanza, maana jicho linalojua ipi ilitiwa dawa huona madaraja mengi.

Ukikuta seli zinazogawanyika ni za kuhesabika kwa vidole, usiandike kwamba hakuna madhara. Huenda dozi imezuia mgawanyiko wenyewe. Ipunguze, uoteshe mizizi upya.