Subiri Dhoruba Ikupe Mgongo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye uwanda ninaoupita kila siku kuna miti mitatu mikubwa ya mwaloni (oak). Baridi ndiyo inaisha, matawi bado matupu, na alasiri mawingu mazito ya mvua hujikusanya nyuma yake. Nimeshapiga picha zaidi ya 200. Nikiyalinda mawingu, miti inatoka myeusi kama makaa. Nikiipa miti mwanga, mbingu inakuwa nyeupe kama karatasi. Ninunue kamera nyingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue chochote. Nimezitazama picha tano ulizonitumia, na zote umezipiga dhoruba ikiwa inakuja. Saa hiyo jua limeshafunikwa. Mwanga uliobaki unatoka kwenye mbingu iliyo nyuma ya mti, na upande wa shina unaoutazama wewe ni kivuli kitupu. Mawingu yakuonekanie mazito namna gani, bado yanang'aa kuliko gome lililolowa. Hata ukija kulinyanyua giza hilo kwa programu ya kompyuta, gome litabaki bapa, maana hakuna mwanga uliolichonga.

Subiri dhoruba ipite. Katika nchi nyingi za misimu minne mialoni inakoota, mvua kwa kawaida hutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo jioni mbingu hufunguka kwanza magharibi, jua linachungulia chini ya ukingo wa wingu, nako mashariki ule ukuta mweusi ungali umesimama. Jua liweke mgongoni, lakini lisiwe nyuma yako kabisa. Likae kidogo upande wa bega, ili shina lipate ubavu wa mwanga na ubavu wa kivuli. Sasa mti ndio unaong'aa, mbingu ndiyo nyeusi. Na jua likiwa chini hivyo, huenda ukapata hata upinde wa mvua.

Kuna mwaloni mmoja niliusubiri dakika 40 ndani ya gari. Ilikuwa mvua na upepo tu, ngurumo hakuna. Nikashuka mvua ilipokatika, na jua likatoka kwa muda usiofika hata dakika moja. Mifereji ya gome, ambayo muda wote ilikuwa rangi moja ya matope, ikajitokeza mmoja mmoja hadi juu kwenye panda ya kwanza. Kwenye matawi ya chini kulikuwa na majani ya mwaka uliopita, makavu, yaliyokataa kudondoka msimu mzima wa baridi. Yakawaka kama shaba. Sijawahi kuusahau mti ule. Nilipiga picha sita, na nne kati yake ziliungua kwa mwanga.

Ziliungua kwa sababu kamera, ikiona wingu jeusi limejaa kwenye fremu, hudhani mahali pana giza ikaongeza mwanga. Wingu linageuka kijivu cha kawaida, matawi yaliyopigwa na jua yanapoteza rangi. Punguza stopu moja (yaani nusu ya mwanga) kwenye fidia ya mwanga, kitufe cha kuiambia kamera ipunguze au iongeze mwanga, kisha angalia histogramu, ule mchoro wa giza na mwanga wa picha, isibanane kwenye ukingo wa kulia. Piga kwa faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata. Mizania ya rangi (white balance) iweke kwenye mwanga wa jua. Ukiiachia kamera ichague, inaweza kukufutia ule ubluu wa wingu uliokutoa nyumbani.

Rudi nyuma hatua nyingi, utumie lenzi ya milimita 100 hadi 200. Mti utabaki na ukubwa uleule kwenye fremu, lakini wingu lililo nyuma yake litaonekana kubwa zaidi. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko 1/250 ya sekunde, kwani shina linaweza kutulia kama nguzo huku vijiti vya nchani vinacheza. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda hadi 800, iache ipande.

Na hili nakuomba ulishike kuliko yote. Ukiona radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo; kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijibanze kabisa chini ya mwaloni. Mti mrefu uliosimama peke yake uwandani ndio radi huutafuta. Mwanga mzuri ukija kabla dakika hizo hazijaisha, piga kupitia kioo cha gari au uuache uende zake.

SWALI: Mwalimu, rafiki yangu anasema mwaloni bila majani hauna picha, nisubiri uchipue. Ni kweli?

JIBU: Mimi sikubaliani naye. Mwaloni huchelewa kuchipua kuliko miti mingi, kwa hiyo unakupa wiki kadhaa za kuona umbo lake: matawi yanayopinda, yanayovunjika pembe, yanayorudi yalikotoka. Majani yakishajaa, yote hayo yanafunikwa. Kwanza yatapita machanga, mara nyingi yenye rangi ya shaba kabla ya kuwa kijani, na hayo pia yanafaa, lakini ni ya siku chache.

Mvua ikikatika, sogea hadi kwenye kijiti cha chini kabisa. Matumba ya mwaloni hukaa kwa kundi nchani, manene, yamevaa magamba madogo ya kahawia yaliyopangana kama vigae. Tafuta lenye tone la maji linaloning'inia, upige karibu kwa lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo. Ndani ya tone utakuta uwanda uko juu na wingu jeusi liko chini.