Mayai niliyoyakuta kwenye slaidi yangu mwenyewe

Kila mwaka ukikaribia msimu wa vyuo kufunguliwa, napata ujumbe wa aina moja: "Dada, nimepata skolashipu ya Thailand, nijiandae vipi?" Wanauliza viza, wanauliza nauli, wadada wanauliza kama kuna wasusi. Hayo nayajibu haraka haraka, halafu na mimi nauliza langu: unapelekwa mkoa gani? Akisema Bangkok, tunaendelea na habari za vyumba. Akisema Khon Kaen, Udon, Ubon, Sakon Nakhon au popote kaskazini-mashariki, kule wanakokuita Isan, namwambia tutenge muda tuongee habari za samaki.

Nilikaa Isan miaka miwili nikisomea shahada ya pili ya mambo ya maabara. Kabla ya hapo nilikuwa maabara ya hospitali moja Mwanza, na mayai ya kichocho nimeyahesabu mpaka nikawa nayaota. Kwa hiyo sitajifanya sikujua. Nilijua kwamba samaki mbichi wa kule hubeba mnyoo wa ini, na bado nilikula.

Ilikuwa msimu wa kuvuna mpunga. Rafiki yangu wa bweni alinialika kwao kijijini, na kama ilivyo kwetu, mgeni ndiye kisingizio cha watu kula vizuri. Wajomba walirudi kutoka bwawani na ndoo ya samaki weupe wadogo, urefu wa kiganja, ukoo mmoja na ningu na dagaa wetu wa Ziwa Victoria. Mama wa rafiki yangu, ambaye wote tulimwita Mae, yaani mama, aliwaparua magamba, akawakatakata juu ya gogo pamoja na vifupa vyao mpaka wakawa kama nyama ya kusaga. Akatia pilipili ya unga, vitunguu vidogo, nanaa, mchele uliokaangwa mkavu na kutwangwa, kisha akakamulia ndimu nyingi.

Ile ndimu ndiyo iliyoniponza. Nyama iliyokuwa inang'aa kama kioo ilianza kugeuka nyeupe mbele ya macho yangu, ukiitazama unasema imeiva.

"Kula mwanangu," Mae akasema. "Si unaona ilivyokuwa nyeupe? Ndimu imeshaipika."

Mjomba mmoja akanisogezea kikombe cha lao khao, pombe kali ya mchele. "Na kama kuna kilichobaki hai, hii inakimaliza."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nikafinyanga tonge la wali wao unaonata, ambao kwa kweli unaliwa kwa mkono kama ugali, nikachota. Koi pla, ndivyo chakula hicho kinavyoitwa, ni tamu, jamani. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu wanaoandika mabango ya afya huandika kama vile watu wanakula uchafu. Ni chakula kizuri, cha sherehe, na kimeliwa na mababu zao. Nilikula siku hiyo, nikala tena mara mbili kabla mwaka haujaisha.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa na mafunzo ya vitendo ya Kato-Katz, ile njia ya kuchuja kinyesi na kukifunika kwa selofani ili kuhesabu mayai. Kila mwanafunzi alileta sampuli yake. Nikaweka slaidi yangu, yaani kioo chenye sampuli, chini ya darubini, nikaanza kupekua mistari bila wasiwasi wowote, kama mtu anayekagua daftari la mwenzake. Nikayaona matatu. Yai la kichocho cha tumbo ni jitu, lina mwiba ubavuni, halikupotei. Haya ni madogo, urefu wake kama moja ya tano ya lile, rangi ya asali, yana umbo la balbu ya taa na kifuniko chenye mabega juu. Nilimwita mwalimu nikitumaini ataniambia nimekosea. Akachungulia, akanyanyuka, akaniuliza kwa upole: "Ulikula kwa nani?"

Sikuwa naumwa popote, na wengi huwa hivyo. Mnyoo huyu, *Opisthorchis viverrini*, ni bapa kama jani, na Wathai wenyewe humwita hivyo, mnyoo wa jani. Urefu wake hauzidi sentimita moja. Mayai yake hutoka na kinyesi cha binadamu, paka au mbwa, yakiingia majini humezwa na konokono wadogo, kisha watoto wake huogelea na kujipachika kwenye nyama ya samaki, kila mmoja ndani ya kifuko kisichoonekana kwa macho. Ukimla samaki mbichi, kifuko kinafunguka kwenye utumbo, mnyoo anapanda mrija wa nyongo mpaka ndani ya ini, na baada ya wiki kama nne anaanza kutaga. Anaweza kukaa humo miaka kumi na zaidi. Hazaliani ndani yako: kila uliye naye ulimmeza mwenyewe, kwa tonge lako.

Kinachotisha hasa ni ile mirija ya nyongo kuchokozwa miaka nenda miaka rudi mpaka ikaota saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya WHO, lilimweka mnyoo huyu kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi ambalo sigara imo. Isan ndiko saratani ya mirija ya nyongo inakopatikana kwa wingi kuliko popote duniani. Kuna daktari bingwa wa upasuaji wa Khon Kaen, Narong Khuntikeo, aliyepoteza baba na mama kwa ugonjwa huo, na baadaye akawa anazunguka vijijini na wenzake na mashine za ultrasaundi wakiwatafuta wagonjwa kabla hawajachelewa. Wagonjwa wengi hufika hospitali wameshageuka njano, na hapo kisu hakina tena cha kuokoa.

Nilipewa praziquantel. Kwa kilo zangu 60 ikawa vidonge vinne vya miligramu 600, nikavimeza usiku mmoja baada ya kula. Nilivitambua kabla sijavigusa. Ni vilevile nilivyomeza shule ya msingi kwa ajili ya kichocho: tunapangwa mstari, mwalimu anakusimamisha kwenye ubao wenye alama, urefu wako unaamua idadi ya vidonge, na kwanza unywe uji ili usitapike. Uchungu wake ni uleule, na kizunguzungu ni kilekile. Asubuhi nilikuwa mzima.

Urahisi huo nao una mtego wake. Nikiwa kule nilisikia watu wazima wakisema bila aibu, "Kula tu, mwisho wa mwaka tunameza dawa." Sikuwashangaa, maana kwetu Kanda ya Ziwa nimewasikia vijana wakisema hivyohivyo kuhusu kuoga ziwani. Dawa inawaua waliomo leo, haikulindi na sahani ya kesho, na kovu lililokwisha kuingia kwenye mirija halifutiki kwa kidonge. Thailand imegawa praziquantel tangu miaka ya 1980, na maambukizi yalishuka sana, lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 bado uliwakuta asilimia 8.7 ya watu nchi nzima, na 16.6 Isan, wana minyoo ya ini. Walikofanikiwa zaidi ni vijiji vya ziwa Lawa, karibu na Khon Kaen, ambako timu ya Profesa Banchob Sripa haikuishia kwenye dawa: waliingia shuleni, wakawatumia wahudumu wa afya wa kijiji, wakafuatilia paka, mbwa, samaki na konokono, wakarudi tena na tena. Vijiji vilivyokuwa na zaidi ya nusu ya watu wameambukizwa vilishuka chini ya asilimia 10. Hiyo ni kazi ya miaka, tena ya watu wanaokula na wenyeji.

Sasa wewe unayekwenda. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kazi ngumu kuliko kumeza vidonge vinne, na usidanganywe na mtu aliyekaa hotelini. Nilipojaribu kukataa tu, niliwaumiza watu. Kilichonisaidia ni kuomba chakula kilekile kipikwe. Jifunze maneno mawili kabla hujajifunza salamu: *suk* ni iliyoiva, *dip* ni mbichi. "Kho suk suk" maana yake naomba iliyoiva vizuri. Jihadhari na *suk suk dip dip*, nusu hivi nusu hivi, ambayo mtu atakuletea akidhani amekupa upendeleo. Mara ya nne kwa Mae nilichukua fungu langu kabla halijatiwa ndimu, nikaingia nalo jikoni, nikaliweka kwenye kikaango na maji kidogo mpaka likabadilika lote. Mjomba alisema nimeiua ladha, na hakukosea sana. Lakini nilikaa kwenye mkeka uleule, nikala na watu walewale, na hakuna aliyenuna.

Ndimu haiui vifuko hivyo. Pilipili haiui, na lao khao haiui hata ukinywa chupa. Moto unaua. Kugandisha kunaua pia, ila iwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, na kile kisanduku cha juu kwenye friji yako ya bweni usikiamini. Kuna pla ra, samaki aliyevundikwa kwa chumvi na pumba za mchele kwa miezi mingi, ambaye hutiwa karibu kila kitu, hasa ile saladi ya papai bichi. Aliyekaa muda wote huo hatari yake ni ndogo. Omba iliyochemshwa na ule kwa amani. Aliyevundikwa siku chache tu, pla som, muhesabu ni mbichi.

Kama umeshakula, usikimbilie duka la dawa kununua dozi moja ya albendazole, ile ya minyoo ya kawaida, ukadhani umemaliza. Nenda ukapime choo hukohuko Isan, ambako macho ya maabara yameyazoea mayai haya. Ukishafika nyumbani, mwambie daktari kwa kinywa chako ulikaa wapi na ulikula nini, kwa sababu kwetu hakuna atakayekuwa anayatafuta. Sampuli moja ikiwa safi, peleka nyingine, maana minyoo wachache hutaga mayai machache. Na kama ulikaa kule miaka mingi ukila mbichi, omba na ultrasaundi ya ini.

Wasomaji wa nyumbani msidhani haya hayawahusu. Samaki wetu tunawapika, Mungu awabariki bibi zetu, lakini tuna binamu yake huyu mnyoo. Ukienda machinjioni utaona mkaguzi akipasua ini la ng'ombe na kulitupa, limejaa minyoo bapa wakubwa. Huyo ni *Fasciola*. Watu huogopa lile ini, lakini mtu haambukizwi kwa kula ini. Anaambukizwa kwa majani mabichi yaliyoota majini au kwenye tope wanakonyweshwa mifugo, na kwa maji yenyewe. Wagonjwa wa namna hiyo wamepatikana mkoani Arusha, na madaktari walichapisha habari zao mwaka 2015. Na hapa ndipo mtaalamu mwenyewe anaweza kuteleza: praziquantel, inayoua kichocho na yule wa Isan, kwa *Fasciola* haifanyi kazi. Dawa yake ni triclabendazole, na si kila duka utaikuta. Kwa hiyo mboga ya mtoni ipike, na kama una kawaida ya kutafuna majani machachu ukiwa malishoni, iache.

Siku ya kuondoka Mae alikuja stendi na kopo la pla ra, amelifunga na mifuko minne ya plastiki na gundi ya karatasi. Juu yake, kwa kalamu nene, alikuwa ameandika neno moja, *suk*, na kulipigia mstari mara mbili. Lilifika Mwanza salama. Mama yangu alifungua mfuko wa tatu, akasimama, akaniuliza kama nina uhakika hiki kitu hakijafa zamani.