Vimkate vya jibini visivyo na ngano

Dada, nimekuelewa: ngano inamsumbua mwanao tumbo, na vimkate vyako vya jibini vya unga wa muhogo vinatoka vigumu. Kasoro ni unga. Ule wa sokoni Marikiti ni muhogo mzima uliosagwa, una nyuzinyuzi. Wabrazili, wenye asili ya vimkate hivi, hutumia wanga wa muhogo tu, mweupe, unaoteleza vidoleni.

Chemsha maziwa nusu kikombe na mafuta robo, umwagie vikombe viwili vya wanga ukikoroga. Uache upoe, la sivyo yai litaiva humo. Kisha yai moja na kikombe cha jibini kavu iliyokunwa. Oka kwa nyuzi 200, dakika 20 hivi; usifungue oveni mapema.

Tafadhali, usisagishe chochote kwenye mashine inayosaga ngano. Na kabla hujamwachisha ngano kabisa, mpeleke hospitali: kipimo cha damu cha seliaki (ugonjwa ambao ngano hudhuru utumbo) chaweza kukosea mtu akishaiacha.