Mamako na saruji ya mgongo

Pole sana, dadangu wa Likoni, Mombasa, unayeuliza kama mamako, aliyebonyea pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo), atiwe saruji ya mifupa kama mlivyoshauriwa. Pingili kubonyea kwa kuinua ndoo ya maji tu, mara nyingi ni mifupa iliyopungua nguvu. Saruji mliyoambiwa hupitishwa kwa sindano nene, daktari akiongozwa na eksirei, ikaganda ndani ya mfupa kwa dakika chache. Mimi nisingeharakisha: tafiti mbili za mwaka 2009 ziliilinganisha na sindano isiyo na saruji, nafuu ikawa karibu sawa. Wengi hupoa kwa wiki 6 hadi 12 wakitumia dawa. Kwanza ombeni MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), kwani kifua kikuu na saratani pia huvunja pingili. Miguu ikilegea au akishindwa kuzuia mkojo, mvusheni feri usiku huohuo, hospitali moja kwa moja.